Redio za jamii ziwape wanamuziki kipindi cha ardhi

Katika Kiswahili, kitenzi kuhifadhi kinabeba mizigo miwili kwa mabega yale yale. Mtoto wa chuoni aliyehifadhi Kurani ameitia moyoni neno kwa neno, hata msahafu ukiungua aya hazitapotea. Serikali nayo inapotangaza kwamba msitu fulani umehifadhiwa, maana yake ni kuwa shoka limepigwa marufuku humo. Waswahili hawakuona haja ya kuunda maneno mawili, na sidhani kuwa ulikuwa uvivu. Walijua kwamba kilichosahauliwa vinywani hakikawii kukatwa msituni.

Nimepitia mlango wa msamiati kwa kuwa ndio ninaoujua, lakini ninakokwenda ni redioni. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizisikiliza redio zetu za jamii, hasa za Ukambani na Pwani, na nimeona kuwa maana hizo mbili za kuhifadhi zimetenganishwa kama mume na mke waliotalikiana. Ardhi imepewa kipindi chake, nusu saa kwa wiki, kinachosomwa kutoka kwenye karatasi. Wimbo umepewa kazi ya kuziba pengo kati ya karatasi moja na nyingine. Mwanamuziki huru, yule asiye na kampuni nyuma yake, anayejilipia studio kwa pesa za mbuzi aliyemuuza, hupigiwa dakika mbili za kibao chake mpaka msomaji amalize kunywa maji. Nathubutu kusema kwamba mpango huu umepinduliwa, na kwamba unaidhuru ardhi yenyewe.

Ni haki tukumbuke kuwa redio hizi hazikuletwa kwenye sinia. Redio ya jamii ya kwanza nchini, ile ya Homa Bay, ilianzishwa mwaka 1982 kwa msaada wa shirika la UNESCO, ikatangaza kwa Kidholuo, na kabla ya muongo huo kwisha serikali ilikuwa imekwisha kuifunga. Kikafuata kimya kirefu. Mwaka 2004 vikundi vya wanawake wa Nthongoni, kusini mwa Ukambani, vikafungua Radio Mang'elete, inayotangaza kwa Kikamba. Mwaka 2006 vijana wa Korogocho, Nairobi, wakaanzisha Koch FM ndani ya kontena la chuma. Sheria ya mawasiliano ilipofanyiwa marekebisho, yaliyoanza kutumika Januari 2009, ndipo redio ya jamii ilipotambuliwa waziwazi kuwa aina ya pekee, mbali na redio ya serikali na ile ya biashara: isitafute faida, iwe mikononi mwa jamii, na matangazo ya biashara inayopokea yawe yanahusu eneo lile lile inalolihudumia. Naomba msomaji alishike sharti hilo la mwisho, maana nitalirudia.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu zoezi jepesi. Kila mmoja arekodi kipindi cha mazingira kutoka redio ya nyumbani kwao, kisha aandike maneno yote ambayo nyanya yake hayatumii. Orodha zilizorudi zilifanana kama sare za shule: wadau, uwezeshaji, kujengewa uwezo, ustahimilivu, tabianchi, mnyororo wa thamani, matumizi endelevu. Hata pale ambapo kipindi kilikuwa kwa lugha ya mama, maneno yalikuwa ya kijijini lakini sentensi zilikuwa za ofisini. Mtangazaji alikuwa akitafsiri papo hapo kutoka kwenye karatasi ya Kiingereza, na Kiingereza kilikuwa kikichungulia kwenye kila kiungo. Sina ugomvi na istilahi mpya. Tabianchi ni neno lililoundwa vizuri, na mimi hulifundisha bila haya. Ugomvi wangu ni pale istilahi inapokuwa ndiyo sauti pekee inayoizungumzia ardhi, hata mkulima akaanza kudhani kuwa shamba lake ni somo ambalo yeye hakulisomea.

Chukua utabiri wa mvua. Msikilizaji wa Pwani huambiwa kwamba msimu utakuwa na mvua ya juu ya kawaida. Juu ya kawaida ya nani? Mtaalamu wa hali ya hewa ana jibu, kwani kawaida yake ni wastani wa miaka mingi uliopimwa kwa milimita, na ni jibu la haki. Lakini Kiswahili cha Pwani kina masika, kina vuli, na kati yake kina mchoo, ile mvua nyepesi inayonyesha wakati wa kusi. Ukimwambia mkulima wa Msambweni kuwa mchoo umechelewa, hahitaji warsha.

Neno linalonikera kuliko yote, hata hivyo, halimo katika orodha za wanafunzi wangu, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka hata kwa nyanya zetu. Ni uvunaji wa mchanga. Magazeti huliandika, redio hulisema, na hata walinzi wa mito hulitumia. Katika Kibantu chote ninachokijua, mtu huvuna alichopanda, yeye au mzazi wake, au walau alichokipalilia. Mchanga wa mto nani aliupanda? Neno hilo, lililotafsiriwa neno kwa neno kutoka lugha ya wafanyabiashara, limegeuza uchimbaji kuwa kilimo na lori kuwa pakacha la mkulima. Mtu akisikia wavunaji, anawaonea huruma kama watu waliotoka jasho shambani.

Na mchanga wa Ukambani si jambo la mzaha. Mito mingi ya kule hukauka juu na kubaki hai chini. Maji hujificha ndani ya mchanga, mbali na jua, na wanawake huyachimbua kwa mikono wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo watu wa huko wamejenga mabwawa ya mchanga kwa miaka mingi: ukuta mfupi hukingwa kuvuka mto, mafuriko huujaza mchanga nyuma yake, na mchanga huo huwa ndio mtungi. Malori yakiuondoa mchanga mpaka mwamba ukatokeza, mvua ijayo hupita mbio kwenda baharini, wala kisima hakibaki. Mchanga wenyewe huishia kwenye majengo ya Nairobi na miji mingine. Watu wamepigana na hata kuuana kwa ajili yake. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, nayo ni hatua ya kusifiwa. Lakini sheria husomwa na hakimu. Kijana wa miaka kumi na tisa anayeshika koleo usiku kwa malipo ya siku hiyo hiyo haisomi. Anachosikiliza ni muziki katika simu yake.

Hapo ndipo ninapowaomba wasimamizi wa redio za jamii wasimame kidogo wafikiri. Ni nani aliyekuwa akiisemea ardhi kabla ya mradi kufika? Ukambani palikuwa na mathembo, mahali pa kutambikia, aghalabu kichaka chenye mikuyu mikubwa ambayo hakuna aliyethubutu kuikata. Huko ndiko ngoma ya kilumi ilikopigwa, ikichezwa hasa na wanawake wazee, kuombea mvua. Kichaka na ngoma vilikuwa taasisi moja. Mwenye kuijua ngoma alikijua kichaka, na aliyekata mti alikuwa amekata na wimbo. Simwambii mtu arudi kwenye matambiko. Kila mmoja ana dini yake, na mimi nina yangu. Ninachosema ni kwamba marufuku ya kukata mti ilikaa vinywani vya watu kwa sababu iliimbwa.

Pwani mfano ni mkubwa zaidi, na historia yake inafahamika na kila mwalimu wa darasa la sita. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama wakatae kazi ya kulazimishwa na kodi ya Mwingereza. Hakuwa na gazeti wala redio. Alikuwa na kifudu, ngoma ya matangani, na kwa ngoma hiyo alipita kijiji baada ya kijiji. Mkoloni alielewa vizuri uhusiano uliokuwapo, kwani mwaka 1914 aliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Alijua kwamba ukitaka kuunyamazisha wimbo, ushambulie msitu. Sisi tunashindwa kuelewa kinyume chake.

Hata UNESCO, kwa nia njema kabisa, ilivitenganisha. Misitu mitakatifu ya makaya ya Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mila na desturi za makaya hayo hayo ziliingizwa mwaka 2009 katika orodha nyingine, ile ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Miti upande huu, maneno na ngoma upande ule. Ukiitazama orodha ya pili na neno lake la haraka, unaona ni kipi kinachokufa mbele ya mwenzake.

Wapo watakaouliza kama wanamuziki huru wa leo wana habari na mambo haya. Nitajibu kwa unyofu: wengi hawaimbi juu ya ardhi. Wanaimba mapenzi, wanaimba pombe, na msimu wa kampeni ukifika wanamwimba mheshimiwa. Tusiwalaumu upesi. Mwimbaji huimba anacholipwa, na katika kijiji cha kawaida wanaolipa ni watatu: mwenye harusi, mwenye baa na mwanasiasa. Ardhi haijawahi kumlipa mwimbaji. Lakini msikilize mwimbaji huyo huyo anapoachwa huru katika ubeti wa tatu, baada ya kumaliza kumsifu aliyemwita. Atakutajia mto uliokauka, shamba la ukoo lililouzwa kwa siri, ng'ombe waliokufa mwaka fulani, na atawataja kwa majina ya mahali ambayo hayamo katika ramani yoyote. Mimi kama mwanaisimu huziona tungo hizo kuwa kamusi. Yamo majina ya udongo, ya nyasi, ya upepo na ya vijito ambayo wanafunzi wangu, watoto wa wenye lugha hizo, hawayajui tena.

Aidha, mwanamuziki wa ala za jadi huwa miongoni mwa wa kwanza kujua kwamba mti umeadimika. Kayamba hutengenezwa kwa matete na mbegu. Ngoma huhitaji gogo la mti maalumu na ngozi. Fundi anayesafiri siku nzima kutafuta gogo ambalo babake alilipata nyuma ya nyumba ana ripoti ya mazingira mikononi. Hakuna redio niliyoisikia ikimwalika fundi wa ngoma katika kipindi cha misitu.

Kwa nini hawaalikwi? Sasa narudi kwenye lile sharti la matangazo ya biashara. Redio ya jamii katika eneo kame haina wafanyabiashara wa kuitegemeza. Duka la mbolea na kinyozi hawawezi kulipa umeme wa mnara. Inabaki kutegemea wafadhili, na mfadhili hununua saa ya hewani kama anavyonunua simiti. Huja na karatasi yake, na ujumbe wake uliokwisha kupitishwa mjini, na fomu ya kuonyesha kuwa ujumbe ulisomwa mara kadhaa. Fomu hiyo haina mahali pa kuandika wimbo. Mtangazaji, ambaye mara nyingi ni kijana anayejitolea kwa posho ndogo, hana nguvu ya kubishana. Anasoma. Msikilizaji anazungusha kitufe kwenda redio ya biashara, ambako walau kuna muziki.

Mwanamuziki kwa upande wake halipwi chochote na redio inayompiga. Akiwa hajajisajili katika chama cha kukusanya mirabaha, kazi yake ni kama mwembe wa njiani. Nimesikia watangazaji wakijitetea kwamba wanamtangaza, na kwamba jina ni malipo. Jina lipi? Katika rekodi nyingi za wanafunzi wangu, wimbo ulipigwa na kukatwa bila mtunzi kutajwa hata mara moja. Ofisa wa mradi alitajwa kwa jina, kwa cheo na kwa shirika.

Liko pingamizi moja ninalolichukulia kwa uzito. Ardhi, wimbo na lugha ya mama ni vitu vitatu ambavyo vikiwekwa pamoja nchini Kenya vinaweza kuwaka moto. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilituonyesha hivyo. Tume ya Jaji Waki, iliyotoa ripoti yake mwaka 2008, ilisikia ushahidi kuhusu redio za lugha za mama na uchochezi. Kuna nyimbo zilizosema ardhi ni ya fulani na fulani aende zake. Mwalimu yeyote aliyefundisha Bonde la Ufa wakati ule hahitaji kuelezwa.

Lakini tuangalie kwa makini. Nyimbo zile hazikuwa juu ya ardhi. Zilikuwa juu ya mwenyeji na mgeni, na ardhi ilitumiwa kama fimbo. Wimbo unaosema mto huu ulikuwa na maji mpaka mwamba ule, na sasa hauna, unamhusu kila anayekunywa, aliyezaliwa hapo na aliyehamia. Tena, redio nyingi zilizolalamikiwa zilikuwa za biashara, zenye wamiliki wa mbali. Pamoja FM ya Kibera, redio ya jamii iliyokuwa na miezi michache tu tangu ianze, inakumbukwa kwa kuwasihi watu watulie wakati mtaa wake ulipokuwa ukiungua. Redio ambayo mtangazaji wake anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa msikilizaji hujua uzito wa neno. Dawa ya wimbo mbaya ni mhariri mwenye masikio, na kuwafungia nje waimbaji wote si uhariri.

Na jambo ninalolipendekeza si geni. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imewahi kuanzisha redio ndogo vijijini, kama ile ya Kangema huko Murang'a, kwenye miteremko inayoporomoka, na Bulala FM huko Budalang'i, kwenye mafuriko ya Mto Nzoia. Katika nchi ya Banyore, Kaunti ya Vihiga, wataalamu wa idara hiyo walikaa chini na wazee wa ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua wa tangu jadi wenye misitu yao midogo waliyoilinda kwa vizazi, wakalinganisha dalili zao na vipimo, na wakatoa utabiri wa pamoja kwa lugha ya wenyeji. Mwanasayansi hakupungukiwa na shahada yake, na mzee hakuambiwa asome karatasi. Kama mtabiri wa mvua ameweza kuketi na mtaalamu, mwimbaji ameshindwa na nini?

Basi nusu saa ile ya ardhi apewe mwanamuziki aiongoze. Ofisa wa misitu au wa mchanga akae karibu naye, aulizwe maswali, asahihishe takwimu pale mwimbaji anapokosea, naye aeleze sheria inasemaje. Mtunzi atajwe kwa jina na kwa kijiji, mwanzo wa wimbo na mwisho wake. Mfadhili anayenunua saa hiyo aandike katika mkataba sehemu itakayomwendea mtunzi, jinsi anavyoandika ya mafuta ya gari na ya chakula cha warsha. Sijui mradi uliofilisika kwa kumlipa mwimbaji. Akilipwa na ardhi, hatalazimika kumngojea mwanasiasa, na ubeti wa tatu utakuwa wa kwanza.

Kwa walimu nina neno la ziada, na huenda wengine wasilipende. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1927, limekuwa na mashairi na nyimbo nyingi za mazingira, baadhi kwa mada zinazotolewa na mashirika ya serikali. Nimekaa nikasikiliza nyingi. Sauti za watoto ni tamu, mavazi yanapendeza, na maneno ni hotuba ya ofisa iliyotiwa vigelegele: tupande miti, tutunze mazingira, tuunge mkono serikali. Tangu Desemba 2022, serikali ilipoanzisha mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, tungo hizo zimezidi. Hakuna mti hata mmoja unaotajwa kwa jina. Mtoto anaimba mti, mti, mti, wala hajui kama ni mvule au mbambakofi au msandarusi, na upi unafaa udongo wa kwao. Mwalimu angemtuma mtoto huyo kwa mwimbaji wa kijiji akae naye mchana mmoja, wimbo ungebadilika.

Wanafunzi wa vyuo nao wana kazi inayoweza kuanza likizo hii. Tangu mwaka 2011 shirika la Ketebul Music la Nairobi limekuwa likishiriki katika mradi wa kuwarekodi wanamuziki wa jadi wa Afrika Mashariki huko huko vijijini kwao, na kazi hiyo ni ya thamani kubwa, lakini haiwezi kufika kila mlango. Nyimbo nyingi za wanamuziki huru zimo katika kadi ndogo za simu na katika kompyuta za vibanda vya kuchoma santuri, na kompyuta hizo huharibika, na kadi hutumbukia majini. Mwanafunzi mwenye simu anaweza kumwomba mwimbaji ruhusa, akarekodi, akaandika maneno yote kwa tahajia ya lugha yake, akauliza maana ya kila jina la mahali, la mti na la udongo, kisha akamwachia mwimbaji nakala, ya pili akaipeleka redio ya jamii iliyo karibu, na ya tatu akaileta kwenye idara yake ya lugha. Idara yangu ina kabati tupu, na ufunguo ninao mimi.